Baleti kwa wanaoanza: maswali naulizwa kila wiki kuhusu balansi na kucheza kwa madaha

Nafundisha baleti kwa wanaoanza hapa Nairobi, wakubwa Jumanne na Alhamisi jioni, watoto Jumamosi asubuhi, kwenye holi ya kukodi huku South B yenye sakafu ya mbao na dirisha moja refu. Maswali yanayoingia kwa simu ni yale yale karibu kila wiki, kwa hivyo nimeyaweka yote mahali pamoja na nimeyajibu vile huwa nayajibu mtu akiwa amesimama mbele yangu bila viatu. Nimekaa zaidi kwa balansi na mwendo, kwa sababu hapo ndio watu hukwama, na hapo ndio watu wengi hukata tamaa mapema bila sababu.

Nikisimama mguu mmoja natetemeka vibaya. Ni kawaida ama mimi sina balansi?

Ni kawaida kabisa, na hili nataka ulielewe kabla ya lingine lolote. Kubalansi si kutulia. Hakuna mtu anayesimama mguu mmoja akiwa tuli, hata wale unaowaona jukwaani wamepanda juu ya vidole na mguu mwingine uko nyuma hewani, ukisogea karibu utaona kifundo cha mguu kinacheza muda wote, kinaenda kidogo kinarudi, kinaenda kinarudi. Mwili unaanza kuanguka unajirudisha, unaanza tena unajirudisha tena. Wao wanajirudisha mapema na kwa kiasi kidogo ndio maana huoni, wewe unangoja mpaka umeshainama ndio unarusha mkono.

Umewahi kuona mama anavuka barabara pale Muthurwa na beseni la ndizi kichwani? Lile beseni halijatulia, shingo yake inalifuata, na mabega na kiuno vinafuata shingo, na yeye mwenyewe anaongea na mwenzake kana kwamba hana kitu. Hiyo ndio balansi. Kwa hivyo mtu akianza kutetemeka darasani mimi humwambia hapo hapo, kaa hapo, usitoke, hiyo ni kazi inafanyika. Anayekaza mwili wote ili asitetemeke ndiye anaanguka, kwa sababu mwili ukishakazwa hauna nafasi ya kujirekebisha tena, unaenda chini mzima mzima kama gunia.

Hio balansi inatoka wapi hasa?

Sehemu tatu. Macho yanakuambia uko wima ama umeinama. Sikio la ndani, ambako kuna mifereji mitatu midogo yenye maji, linakuambia kichwa kimegeuka upande gani. Halafu kuna misuli, viungo na nyayo ambazo zinatuma habari kila wakati kuhusu uzito umekaa wapi. Ubongo unakusanya hizo habari zote na kujibu haraka kuliko unavyoweza kufikiri.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaegemea macho peke yake. Jaribu sasa hivi, simama mguu mmoja karibu na ukuta, ukishatulia funga macho. Umeona? Karibu kila mtu anashtuka. Siku moja stima ilipotea tukiwa katikati ya zoezi, watu kumi na wawili wamepanda juu ya vidole, giza likaingia mara moja na nikasikia visigino vinashuka sakafuni pu pu pu pu, karibu vyote kwa pamoja. Hakuna aliyesukumwa, macho tu ndio yalizimwa. Tangu siku hio kila darasa natenga dakika chache za kufanya mazoezi macho yakiwa yamefungwa, kwanza miguu yote miwili chini, wiki kadhaa baadaye mguu mmoja na mkono uko kwa baa, ile fito ya kushikilia wakati wa mazoezi. Na tunageuza kichwa pole pole kulia na kushoto tukiwa tumesimama, ili sikio nalo lizoee kazi yake.

Nikiwa nyumbani nianze na zoezi gani?

Chukua sarafu tatu za shilingi kumi. Sitanii, toa mfukoni. Vua viatu na soksi, simama kwa sakafu ngumu, weka sarafu moja chini ya ule mto wa nyama nyuma ya kidole gumba, ya pili chini ya mto wa kidole cha mwisho, ya tatu katikati ya kisigino. Simama juu yake. Mwanzoni utasikia baridi ya chuma, subiri baridi iishe halafu sikiliza, je unazisikia zote tatu kwa uzito sawa? Wengi wanasikia ya kisigino sana na ya kidole cha mwisho hawaisikii kabisa, wengine upande wa ndani umezama na ile ya nje inacheza. Bila kusogeza mguu, jaribu kugawa uzito mpaka zote tatu zinakukanyaga sawa kutoka chini. Mguu mmoja uko na mifupa 26 na ukifanya hivi utasikia ikijipanga, upinde wa katikati unanyanyuka kidogo wenyewe bila wewe kuulazimisha.

Angalia vidole pia. Kama vimekunja na kushika sakafu kama kucha za kuku kwa tawi, kucha zimekuwa nyeupe, basi unajizuia usianguke kwa kutumia misuli midogo kabisa na itachoka haraka. Mwambie mtu avute karatasi iliyo chini ya vidole vyako, ikitoka bila kuraruka uko sawa. Vidole vinyooke, virefu, vilale.

Sarafu ukiziweza miguu miwili, hamia mguu mmoja. Dakika mbili kila mguu zinatosha, nina mwanafunzi anafanya akingoja githeri iive na mwingine anafanya akipiga mswaki, na wote wawili walibadilika ndani ya mwezi kuliko wale wanaokuja darasani tu na nyumbani hawagusi.

Kwa nini tunageuza miguu nje? Magoti yangu yanauma.

Kama magoti yanauma acha mara moja, kuna kitu unakosea, na pengine ulifundishwa kukosea. Studio ya kwanza kabisa niliyoenda mimi tulikuwa tunaambiwa tupanue miguu mpaka ilale mstari mmoja na mwalimu alikuwa anasukuma nyayo zetu kwa kiatu chake. Goti langu la kushoto lilivimba, nikakaa nje miezi minne, na mpaka leo sipendi kuona mtoto anasukumwa miguu.

Kugeuka kunatoka kwa nyonga, pale paja linapoingilia kiunoni. Goti ni bawaba, linakunja na kunyoosha, halikuumbwa kuzunguka. Kwa hivyo simama visigino pamoja, kaza matako kidogo na misuli ya chini yake, zungusha mapaja yote mawili kwenda nje, na pale mapaja yalipofikia ndipo nyayo zifuate. Nyayo zisizidi hata kidogo. Kwa wengi itakuwa kama mishale ya saa ikionyesha saa nne na dakika kumi, na wengine chini ya hapo, umbo la nyonga ni la kuzaliwa na hakuna aibu yoyote.

Na sababu ya kugeuza si urembo peke yake. Paja likiwa limeangalia mbele, ukiinua mguu kwa upande kuna nundu ya mfupa juu ya paja inagongana na nyonga na mguu unakwama, ukiligeuza ile nundu inapita nyuma na mguu unapanda. Zile pozisheni tano za miguu ziliandikwa Ufaransa na mwalimu wa dansi Pierre Beauchamp, zama za mfalme Louis XIV ambaye alianzisha akademia ya kwanza ya dansi mwaka 1661, ndio maana mpaka leo hapa Nairobi tunaita stepu kwa Kifaransa, pliye (kukunja magoti), tandu (kutelezesha mguu sakafuni mpaka unyooke), rileve (kupanda juu ya vidole).

Pliye si ni kukunja magoti tu? Mbona tunafanya kila siku?

Kwa sababu kila kitu kinaanzia hapo na kinarudi hapo. Ukienda juu unapita kwa pliye, ukitua unatua kwa pliye, na ukiipoteza balansi goti laini ndilo linakuokoa. Magoti yaende upande ule ule vidole vinaangalia, visigino visitoke chini kwenye pliye ndogo, mgongo ushuke wima kama lifti bila makalio kutoka nyuma. Na usifike chini ukakaa. Ukifika tu uwe tayari unarudi, kama mpira wa maji ukiubonyeza.

Kupanda juu ya vidole (rileve) naweza, lakini kukaa huko siwezi.

Angalia mambo mawili. La kwanza, uzito wako uko kidole gani. Watu wakipanda hukimbilia upande wa kidole cha mwisho, kifundo kinapinda nje, na hivyo ndivyo watu huteguka. Uzito ukae katikati ya kidole gumba na cha pili, kifundo kikiangaliwa kutoka mbele kiwe mstari mmoja na goti.

La pili ni vile unavyopanda. Usijirushe. Sukuma sakafu kwenda chini, mwili utapanda wenyewe. Najua yanasikika ni kitu kimoja lakini mwili unayasikia tofauti kabisa, anayejivuta juu anainua mabega, anabana pumzi, na anayesukuma chini anakuwa mrefu. Panda kwa hesabu ya nne, shuka kwa hesabu ya nane. Kushuka ndio kunajenga, na kushuka ndio wanaoanza wote wanaharakisha. Na toa pumzi ukipanda! Nikiona mtu ameanguka mara tatu mfululizo mahali pamoja huwa naangalia mbavu zake kabla ya miguu, na mara nyingi hapumui.

Baa naishika vipi, na kama sina nyumbani?

Mkono ulale juu ya baa mbele yako kidogo, kidole gumba kikae pamoja na vingine, kiwiko kimelegea. Usiikamate kama chuma cha basi la jioni Jogoo Road. Kila mara jaribu kuinua vidole viwili, halafu vitatu, ukiona mwili wote umeyumba basi ulikuwa umeinama kwa baa na hukuwa umesimama kwa mguu.

Nyumbani tumia mgongo wa kiti kizito, meza ya jikoni ama ukingo wa dirisha ulio karibu na urefu wa kiuno. Usitumie sinki, huwa zinang'oka.

Halafu sakafu. Nyumba nyingi za hapa ni tailizi juu ya zege, tailizi zinateleza na zege haina huruma, kwa hivyo fanya pliye, tandu, rileve na mikono, lakini usiruke huko. Soksi pia hapana. Kapeti nzito nayo inashika mguu ukizunguka na goti ndilo linalipa.

Nitazame wapi?

Mbele, usawa wa macho, kitu kimoja kisichosonga. Usitazame miguu. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5, yaani pakiti mbili na nusu za unga, ukiziinamisha mbele mwili wote lazima uzifuate.

Balansi naelewa, lakini nikijiangalia kwa kioo nacheza kama roboti. Madaha yanafundishwa ama mtu anazaliwa nayo?

Yanafundishwa. Nimeona kwa macho yangu, watu waliokuja wakiwa wakavu kama mbao na sasa ukiwatazama huwezi kuamini.

Kiswahili kina hili neno madaha na sijapata lingine linalosema vizuri hivyo. Kama umewahi kuwa kwa harusi ya Pwani, usiku, wimbo umekolea na mama mmoja anainuka kwenda kumtuza mwimbaji wa taarabu, mwangalie vizuri. Haendi mbio wala hajikokoti. Mabega yako chini, shingo ndefu, mkono wenye noti umetangulia kidogo na kifundo cha mkono kimelegea, na uzito unatoka mguu huu kwenda ule bila kukatika mahali popote. Hakuna hatua inayoanza na kuisha, zote ni hatua moja ndefu. Wanaoanza baleti wanafikiri madaha ni mikono, ni kitu cha kupaka juu baada ya stepu kujulikana, kumbe ni uzito ukisafiri bila kukatika, na mikono inaonyesha tu kile miguu imeshafanya. Mguu wa kusimamia ukiwa haujashika balansi mikono haiwezi kuwa mizuri hata ufanye nini, itakuwa inatafuta pa kushika.

Kwa hivyo sisi tunaanza na kutembea. Wiki ya kwanza karibu nusu ya somo ni kutembea tu kutoka mlangoni hadi dirishani. Mguu unatangulia umenyooka, vidole vinagusa kwanza, halafu mto wa mguu, kisigino mwisho, na mguu wa nyuma unasukuma mpaka ncha ya mwisho ya kidole iondoke sakafuni. Polepole sana. Ukienda polepole kila kasoro inajitokeza, utajikuta unaanguka kwa mguu wa mbele badala ya kuuhamia. Rudia mpaka usisikie ile kishindo kidogo ya kutua.

Mikono ikija, inatokea mgongoni, chini ya ile mifupa miwili inayotokeza nyuma ya mabega. Fikiria tone la maji limewekwa begani, liteleze mpaka kwa kiwiko, lifike kwa kifundo, lidondoke kwa kidole cha kati bila kusimama njiani. Kiwiko kikining'inia tone linakwama hapo. Vidole vikae kana kwamba kuna kipande cha pamba kati ya gumba na cha kati, hutaki kukiangusha na hutaki kukibonyeza. Na mkono ufike mwisho pamoja na muziki, usifike mapema ukangoja. Roboti unayoiona kwa kioo mara nyingi ni hiyo tu, mkono umefika mapema na umesimama.

Mimi ni mgumu, siwezi hata kugusa vidole vya miguu.

Njoo hivyo hivyo. Ulegevu unakuja na wakati, na kuna watu walegevu sana ambao balansi inawatesa kuliko wewe kwa sababu viungo vyao vinapita kiasi na hawana nguvu ya kuvishika. Jinyooshe baada ya zoezi, mwili ukiwa moto, na miezi ya baridi kama Julai kaa na sweta mpaka utoe jasho.

Niko na miaka 34 na sijawahi kucheza chochote. Nimechelewa?

Kwa kuwa dansa wa kulipwa kwenye kampuni kubwa, ndio, wengi huanza wadogo sana, japo Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13, ambayo kwa baleti ni kuchelewa, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika daraja la juu kabisa la American Ballet Theatre. Kwa kujifunza baleti yenyewe, kusimama vizuri, kutembea vizuri, kusikia muziki kwa mwili, hujachelewa hata kidogo. Mkubwa anaelewa maneno, nikimwambia sukuma sakafu anaelewa mara moja, mtoto wa miaka sita lazima nimtafutie hadithi. Uzito wa mwili pia nauulizwa sana na jibu langu ni lile lile, mwili ulio nao leo ndio utaubalansi leo.

Ila kama uko na shida ya sikio, presha, ama uliwahi kuumia goti au mgongo, ongea na daktari kwanza na uniambie mapema. Na kama umetoka Mombasa juzi tu usishangae ukihema, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, mwili utazoea.

Binti yangu wa miaka saba anataka vile viatu vya kusimama kwa ncha ya vidole. Ninunue?

Hapana, tafadhali usinunue. Mifupa ya mguu wake bado inakomaa. Walimu wengi hawaruhusu kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo ni baada ya miaka kadhaa ya mazoezi bila kukatiza, na mwalimu awe ameangalia kifundo, upinde na mgongo wake kwanza. Kiatu hakimsimamishi mtu. Dansa Marie Taglioni alipopanda kwa vidole kule Paris mwaka 1832 viatu vyake vilikuwa satini laini tu iliyotiwa nyuzi pembeni, hakukuwa na ile boksi ngumu ya siku hizi, nguvu zote zilikuwa za miguu yake. Sasa hivi mnunulie viatu laini vya kitambaa ama ngozi vyenye soli nzima, soli nzima inaulazimisha mguu kufanya kazi, na vimkae kama soksi, usichukue vikubwa ati atakua navyo, kiatu kinachopwaya ndicho kinaangusha mtoto. Lastiki shona mwenyewe ama mpe fundi.

Kijana wangu anapenda lakini watu wanamcheka wakisema baleti ni ya wasichana.

Hili linaniuma kila nikilisikia. Louis XIV mwenyewe alicheza jukwaani kama Jua mwaka 1653 akiwa kijana wa miaka 14, na kwenye Opera ya Paris wanawake wa kulipwa walianza kupanda jukwaa mwaka 1681, kabla ya hapo hata nafasi za kike zilichezwa na wanaume. Na usiende mbali, Joel Kioko ametoka Kuwinda, kile kijiji cha mabati karibu na Karen, akafika mpaka English National Ballet School London. Kibera nako Mike Wamaya amefundisha watoto baleti kwa miaka mingi, wavulana kwa wasichana, hadi mwaka 2017 akaingia kumi bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani. Mlete kijana. Mimi nina watatu Jumamosi na ndio wanaofika wa kwanza.

Nikizunguka nasikia kizunguzungu.

Yale maji ya sikio la ndani yanaendelea kuzunguka wewe ukishasimama, ndio maana. Chagua kitu ukutani, sisi tuko na kalenda, kichwa kiwe cha mwisho kuiacha na cha kwanza kuirudia. Fanya kwa miguu miwili, robo, halafu nusu, halafu mzima. Ukianza kuona ukungu simama, pliye, tazama kalenda.

Lazima nivae taiti? Mimi najistiri.

Si lazima. Nina dada wanaotoka Eastleigh wanavaa fulana ya mikono mirefu, suruali inayobana kidogo na kitambaa cha kichwa kilichofungwa nyuma vizuri. Ninachohitaji ni kuona magoti yakikunja na vifundo vya miguu, ili nisikuache ukiumia bila kujua. Leotadi, ile nguo moja ya kubana ya mazoezi, ukizitaka zunguka Gikomba ama Toi mapema asubuhi bale likifunguliwa.

Uchungu gani ni wa kawaida?

Misuli kuuma kesho yake, kwenye muundi, mapaja, nyayo, hiyo ni kawaida. Uchungu wa kuchoma kama sindano, ndani ya goti, nyuma ya kisigino ama mgongo wa chini, acha hapo hapo hata muziki ukiwa unaendelea, na siku tatu nne zikipita uchungu ukiwa bado upo nenda kwa daktari wa viungo.

Nitaona wapi baleti hapa Nairobi?

Kenya National Theatre, hasa mwisho wa mwaka, fuatilia matangazo ya Dance Centre Kenya. Ukienda kaa karibu na mbele ukiweza. Usitazame wanaoruka, tazama yule aliyesimama nyuma kwenye mstari, bila kufanya lolote, uone vile amesimama.

Nitajuaje nimeanza kupata?

Mara nyingi hutajua wewe, atajua mwingine. Kuna mama mmoja anafanya kazi ya M-Pesa, anasimama dirishani kutwa, alikuja mgongo ukimsumbua. Miezi mitano mkono wake haukutoka kwa baa, kila nikimwambia achilia anaachilia sekunde moja anarudisha. Siku moja, Alhamisi, tuko kwenye paase, mguu mmoja umekunja na vidole vimegusa goti la mwingine, nikaona mkono wake umeinuka polepole ukaenda mbele, ukapanda juu, na mwingine ukafuata. Kifundo kilikuwa kinatetemeka sana, vidole vyake vilikuwa vimelala virefu, na alikuwa anapumua. Sikusema kitu. Mwenzake wa nyuma ndiye alianza kupiga makofi, naye akageuka kuangalia ni nani anapigiwa.

Siku ya kwanza nije na nini?

Maji, taulo ndogo, nywele zikiwa zimefungwa, kucha za miguu zimekatwa, pete na bangili ziache nyumbani. Viatu usinunue bado, wiki mbili za kwanza tunafanya pekupeku. Kula kitu chepesi masaa mawili kabla ya darasa. Na kama unatoka tauni jioni panda gari mapema, ukija umechelewa ukiwa mbio mbio utatumia nusu saa nzima kutafuta pumzi, ni heri ufike, ukae chini ukutani, uvue viatu na uzisikie nyayo zako kabla hatujaanza.